Posho ya Mwendo Mrefu katika Usukuma

Tunapotaja utamaduni wa taifa, aghalabu fikra zetu hukimbilia ngoma, vinyago, mashairi na ngano za wazee. Tangu Desemba mwaka 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri na Rais wa kwanza akaunda wizara ya kushughulikia utamaduni, kazi ya kukusanya mambo hayo imefanywa na watu wengi, na sisi wenyewe tumeishiriki kwa kadiri ya uwezo wetu. Hata hivyo liko jambo moja ambalo halikupewa nafasi yake katika majalada yetu, pengine kwa kuwa halichezwi wala haliimbwi. Jambo hilo ni namna mtu wa nchi hii alivyokula na alivyokunywa alipokuwa na mwendo mrefu mbele yake. Tunalileta hapa kwa kuanzia Mwamapalala, kata iliyomo katika Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu, ambayo hadi mwaka 2012 ilihesabiwa katika Bariadi ya Mkoa wa Shinyanga. Tunaanzia huko kwa sababu ndiko lilikotufungukia macho, na kwa sababu watu wa upande huo walikuwa na safari yao wenyewe isiyofanana na safari nyingine yoyote tuijuayo.

Yafaa kwanza tueleze kilichotufanya tushike kalamu. Tulikuwa wanafunzi, katika miaka ya 1980, katika shule moja ya upande huo ambayo hatuna haja ya kuitaja. Ulikuwa mwezi wa Septemba, na jua lilikuwa limeikausha mbuga hata udongo mweusi ukapasuka nyufa za kunasa kwato la ng'ombe. Tulipangwa kushindana mbio za kwenda na kurudi, njia ambayo kwa makisio yetu haikupungua kilomita 12. Mwalimu wa michezo, mtu mwema na mwenye bidii, alitupa amri mbili: tusile kitu asubuhi hiyo, na tusiguse maji hadi mwisho, kwa kuwa maji hukata pumzi na kulegeza misuli. Wakati wa kurudi mwenzetu mmoja, kijana mwenye miguu mirefu ambaye sote tulimwogopa katika mbio, alianza kuyumba kama mtu aliyelewa, kisha akaketi chini ya mti kando ya njia, magoti yakimtetemeka. Bibi mmoja aliyekuwa akipepeta mtama karibu na hapo alimwendea, akammwagia maji kichwani, kisha akamletea kibuyu cha uji wa uwele uliotiwa ukwaju.

"Mayu, usimpe," mwalimu alimwambia kwa heshima, akiteremka katika baiskeli yake. "Akinywa tu, atatolewa katika mashindano."

Bibi hakuinua macho. "Mwalimu, mwanangu, huyu amekwisha kutoka. Babu yake alikwenda chumvi, akarudi. Unadhani alikwenda na tumbo tupu?"

Mwenzetu alikunywa, na jina lake likafutwa. Sisi wengine tulicheka, kwa maana hatukuelewa maana ya kwenda chumvi. Ilipita miaka mingi, tukiwa tayari katika utumishi wa Serikali na tukizunguka vijijini kwa kazi nyingine kabisa, ndipo tulipowauliza wazee wa Mwamapalala maana ya maneno yale, nao wakatueleza kwa mshangao kidogo, kama watu wanaoulizwa jua huchomoza upande gani.

Ziwa Eyasi limo katika Bonde la Ufa, mashariki ya nchi ya Wasukuma. Mito huingia humo, lakini hapana mto utokao. Wakati wa kiangazi jua huyanywa maji yake, ziwa hurudi nyuma, na pembezoni hubaki ganda jeupe la chumvi. Chumvi hiyo ndiyo iliyowatoa watu majumbani mwao kwa vizazi vingi kabla ya chumvi ya dukani kuenea. Mwingereza mmoja, H. S. Senior, aliandika habari ya misafara hiyo ya Wasukuma katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1938, na kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba ni ndoto za wazee. Kutoka Mwamapalala hadi ncha ya ziwa iliyo karibu ni zaidi ya kilomita 100 kwa mstari ulionyooka, na hapana mtu aendaye kwa mstari ulionyooka penye miiba, simba na mito iliyokauka.

Msomaji atazame sasa ugumu wa safari hiyo, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Msimu unaotoa chumvi ndio msimu unaonyima maji. Wakati wa masika njia nzima ina madimbwi, lakini ziwa limejaa na chumvi imeyeyuka ndani yake. Wakati wa kiangazi chumvi imelala juu ya ardhi ikingoja mwenye kuikusanya, lakini njia ya kuiendea imekauka. Msafiri hakuwa na hiari ya kuchagua. Alikwenda kutafuta kitu kile kile ambacho jasho lilikuwa likimnyang'anya kila hatua, na alikwenda wakati ambapo jasho hutoka kwa wingi kuliko wakati wowote wa mwaka.

Kwa hiyo kila mtu alikuwa na hesabu ya mizigo mitatu, yaani chakula, maji, na chumvi ambayo bado hajaipata. Wakati wa kwenda alilemewa na chakula na maji. Wakati wa kurudi chakula kilikuwa kimepungua na chumvi imechukua nafasi yake, lakini maji hayakuweza kupunguzwa, kwa sababu mwenye mzigo hutoka jasho kuliko asiye na mzigo. Kila kibuyu alichorudi nacho kilimpunguzia chumvi, na kila pishi ya chumvi aliyoongeza ilimpunguzia maji. Wazee walituambia kwamba kauli ya mwisho juu ya uzito wa mzigo ilikuwa ya kiongozi wa msafara, na kwamba kijana mwenye tamaa aliweza kumwagiwa chumvi yake mbele ya wenzake. Tulipoandika maneno hayo katika daftari letu tuliyaona kuwa ni ukali. Leo tunayaona kuwa ni udaktari.

Ama kuhusu chakula chenyewe, hapa pana elimu ambayo imekuwa ikidharauliwa kwa sababu imo mikononi mwa akina mama. Viazi vitamu vibichi karibu robo tatu yake ni maji. Mwenye kubeba viazi vibichi hubeba maji asiyoweza kuyanywa. Mama wa Kisukuma huvimenya, huvikata vipande na kuvianika juani hata vikauke kabisa, na hivyo ndivyo viitwavyo michembe. Akivichemsha kwanza, ndipo akavikata na kuvianika, huwa matobolwa. Watu wa mijini huviona vitu hivi viwili kuwa ni kimoja, nao hukosea. Michembe hutaka chungu, moto na maji ya kupikia, na hufaa jioni mahali penye kisima. Matobolwa yamekwisha kuiva nyumbani, hutafunwa mtu akiwa anatembea, hayana haja ya moto wala ya kusimama. Mzigo wa msafiri wa chumvi ulikuwa na vyote viwili, pamoja na unga wa mtama au wa uwele na karanga kidogo, na kila kimoja kilikuwa na saa yake.

Wataalamu wa siku hizi humwagiza mtu anayekimbia kwa zaidi ya saa moja apate wanga gramu 30 hadi 60 kwa kila saa, na wale wanaokimbia kwa saa nyingi huagizwa zaidi ya hapo. Gramu 100 za viazi vilivyokauka sawasawa huwa na wanga unaozidi gramu 70. Maana yake ni kwamba konzi moja ya matobolwa kwa kila saa, pamoja na funda kadhaa za maji, yatosha kumtimizia mtu agizo hilo. Hatusemi kwamba bibi yetu alijua gramu. Alijua konzi, na alijua saa ya kutia mkono katika mfuko, yaani kabla njaa haijauma. Wazee walilisisitiza sana jambo hilo la mwisho. Anayengoja njaa imwambie, walisema, ameshachelewa kwa mwendo wa mto mmoja hadi mwingine.

Tusije tukafikiriwa kuwa tunadai kila kitu ni cha asili ya hapa. Viazi vitamu asili yake ni Amerika, kama yalivyo mahindi, mihogo na karanga. Mtama na uwele ndizo nafaka za Afrika tangu kale. Lakini namna ya kuvikausha na kuvipanga kwa ajili ya njia, hiyo ni kazi ya wenyeji, na hatuoni sababu ya kuwanyima haki yao.

Maji nayo yalikuwa na kanuni zake. Mito mingi ya nchi hiyo, wakati wa kiangazi, ni njia za mchanga tu. Ajuaye huchimba mchangani mahali mto unapopinda, hungoja maji yajikusanye na kutulia, ndipo huteka. Kazi hiyo huchukua muda, na msafara wenye haraka hauna muda, kwa hiyo walichimba jioni na kuondoka usiku wa mbalamwezi. Kabla ya kuondoka kila mtu alikunywa uji mwepesi wenye ukwaju na chumvi kidogo, polepole, mpaka tumbo likatosheka. Njiani alikunywa alipoona kiu, funda mbili au tatu, asijizuie kwa ushujaa wala asigugumie. Mchana jua lilipokuwa kali walilala chini ya miti.

Mpango huo wa kulikwepa jua haukuwa wa Mwamapalala peke yake. Katika karne ya 19, njia kuu ya biashara iliyotoka Bagamoyo na kupita Ugogo hadi Unyanyembe, pale palipo Tabora ya leo, ilitembewa na maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma. Mzigo wa mmoja wao ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Katika njia hiyo zilikuwako sehemu mbili zilizoogopwa kwa ukavu, Marenga Mkali kabla ya Ugogo na Mgunda Mkali baada yake. Ili kuzivuka, wapagazi walikuwa na mwendo wa namna ya pekee, ambao Richard Burton aliyepita huko mwaka 1857 aliuandika kwa jina la tirikeza. Msafara ulikaa penye maji hadi mchana, ukapika, ukala, ukanywa, ukajaza vibuyu, kisha ukaondoka alasiri jua linapopungua makali. Ulilala mahali pasipo maji, ukaamka alfajiri na kuyafikia maji mengine kabla jua halijapanda. Kwa hila hiyo mwendo wa siku mbili ulivukwa kwa maji ya siku moja. Wako Wazungu walioudhiwa na mwendo huo kwa kuwa uliwakatizia usingizi wa mchana.

Palipokuwa na upungufu mkubwa ni katika posho. Kipimo cha kawaida kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, kama ratili moja na nusu, au gramu 700. Tumepiga hesabu, na tunaona kwamba nafaka ya kiasi hicho hutoa nguvu ya kalori 2,400 hivi. Mtu anayetembea kilomita 20 na kitu na kilo 32 kichwani au begani huhitaji zaidi ya 3,500. Upungufu huo aliufidia kwa kununua chakula vijijini, kuwinda, na kula akiba ya mwili wake mwenyewe. Vitabu vya wasafiri wa Ulaya vimejaa malalamiko juu ya wapagazi waliogoma, waliotoroka au waliotaka kupumzika palipo na chakula kingi. Laiti waandishi wale wangalipima kibaba kabla ya kupima tabia!

Henry Stanley aliyapata haya mwaka 1875. Aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 na kufika Kagehyi, katika Usukuma kando ya ziwa, tarehe 27 Februari mwaka uliofuata, siku 103 baadaye. Katikati, baada ya kuiacha Ugogo, msafara wake uliingia katika pori lisilo na watu, ukakosa chakula, na watu wakaanza kufa njiani. Anasimulia kwamba aliondoa vitu katika sanduku lake la bati, akalijaza galoni 25 za maji, akatia ratili 10 za unga wa oti na makopo manne ya unga wa dengu ya ratili mojamoja, akapika uji kwa watu zaidi ya 200. Tumeigawa hesabu hiyo. Kila mtu alipata kama nusu lita ya uji wenye unga usiozidi gramu 30. Ni kidogo mno, lakini uliwavusha mpaka waliotumwa kutafuta nafaka waliporudi. Hata katika hali hiyo alichopika ni uji, maji na wanga katika chombo kimoja, na wala hakugawa nyama kavu. Njaa ilimfundisha upesi.

Fundisho la kusikitisha zaidi lilikuja katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kuanzia 1914 hadi 1918 majeshi yaliyopigana katika nchi yetu yalitegemea vichwa na mabega ya Waafrika, na makumi ya maelfu ya wachukuzi hao walikufa. Wachache wao walikufa kwa risasi. Wengi walikufa kwa maradhi, na kuhara damu kukiwa katika mstari wa mbele. Walipewa unga wa mahindi, wengine wakiwa hawajapata kuula maishani mwao, bila vyungu vya kutosha wala kuni wala muda wa kuupika ukaiva. Unga usioiva huumiza tumbo, tumbo huharisha, mwili hupoteza maji na chumvi kwa saa chache kuliko jasho la siku nzima, na kesho yake mzigo uko pale pale. Kila mkazi wa Dar es Salaam hulitamka jina la jeshi hilo la wachukuzi anapokwenda sokoni Kariakoo, maana jina hilo limetokana na Carrier Corps. Laiti wangalikuwa na matobolwa! Hatusemi hivyo kwa mzaha. Chakula kilichokwisha kuiva nyumbani kingaliokoa watu wengi.

Basi amri ya mwalimu wetu ilitoka wapi, ikiwa wazee hawakuwa nayo? Ilitoka mbali, nayo ina historia yake.

Katika Michezo ya Olimpiki ya St. Louis, Marekani, mwaka 1904, mbio za marathoni zilikimbiwa mwezi wa Agosti, mchana wa joto, katika njia ya vumbi. Mwandalizi mkuu, James Sullivan, alikusudia maji yapatikane mahali pachache sana ili ionekane mwili utafanya nini ukinyimwa. Walioanza walikuwa 32 na waliomaliza 14. Mshindi, Thomas Hicks, aliomba maji na kunyimwa, badala yake akapewa ute wa yai uliotiwa sumu ya striknini, na pombe kali juu yake. Alivuka mstari akiwa amekokotwa na wasaidizi, na yamkini alikuwa karibu na kifo kuliko ushindi. Katika mbio hizo walikuwamo Watswana wawili kutoka Kusini mwa Afrika, Len Taunyane na Jan Mashiani, ambao walikuwa wamepelekwa huko kuonyeshwa katika maonyesho ya Vita vya Makaburu. Walishika nafasi ya 9 na ya 12. Hao ndio Waafrika weusi wa kwanza kukimbia marathoni ya Olimpiki, na walikuwa ni watu waliozoea kwenda mbali kwa miguu.

Imani ya kwamba kiu ni adabu ya mkimbiaji haikufa St. Louis. Kwa miongo kadhaa kanuni za kimataifa ziliendelea kumnyima mkimbiaji kinywaji katika kilomita nyingi za mwanzo, na makocha wakaieneza imani hiyo hadi makoloni, na kutoka vyuo vya ualimu ikateremka hadi uwanja wa shule ya kijijini. Mwalimu wetu hakuitunga. Aliipokea katika kitabu, nasi tulifundishwa kukiamini kitabu kuliko kibuyu.

Wenye kitabu wenyewe waligeuka katika miaka ya 1960. Mwaka 1965 Robert Cade na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walichanganya maji, sukari, chumvi na maji ya limau kwa ajili ya wachezaji waliokuwa wakidhoofika kwa joto, na kinywaji hicho kikawa biashara kubwa kwa jina la Gatorade. Mwaka 1967 Jonas Bergström na wenzake huko Sweden waliwaendeshesha watu baiskeli hadi kuchoka kabisa baada ya kuwalisha vyakula mbalimbali. Waliokula nyama na mafuta walidumu dakika 57 kwa wastani, waliokula mchanganyiko 114, na waliokula wanga mwingi 167. Sababu waliipima katika misuli yenyewe: wanga huwekwa humo na katika ini kama akiba ya sukari, iitwayo glaikojeni, na akiba hiyo haitoshi kwa safari ndefu pasipo kuongezwa njiani. Halafu mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh huko India, daktari Dilip Mahalanabis aliwaokoa wagonjwa wengi wa kipindupindu kwa kuwanywesha maji yenye sukari na chumvi, kwa kuwa sukari huifungulia chumvi mlango katika utumbo, na maji huifuata chumvi. Kila mama aliyefika kliniki anajua kipimo chake: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Mwanariadha na mtoto anayehara wanakunywa dawa moja. Bibi wa kibuyu angaliwaambia hivyo bila ya maabara, ingawa tunakiri kwamba asingaliweza kueleza sababu.

Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi juu ya wakimbiaji hodari wa Kenya waliokuwa kambini, na ikaonekana kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitoka katika wanga: ugali, wali, viazi, mkate, na chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Hawakuwa na siri nyingine mezani. Wanariadha wetu wamelelewa kwa chakula cha namna hiyo hiyo. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, aliyeanguka na kuumia goti Mexico mwaka 1968 akaendelea hadi mwisho kwa saa 3 na dakika 25. Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01. Na Alphonce Simbu, ambaye Septemba 2025 katika joto la Tokyo alimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde, akawa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Tunawataja kwa heshima na kupita, kwa kuwa habari zao zimeandikwa na wengine.

Hapa twapenda kujizuia, maana msifu wa wazee huweza kupotea kama msifu wa wageni. Baada ya kugundua ubaya wa kiu, makocha wa nchi tajiri waliruka hadi upande wa pili, wakawaamuru watu wanywe kadiri wawezavyo hata wasipoona kiu. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002 ilipimwa damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, na asilimia 13 kati yao walikutwa na upungufu wa chumvi katika damu, hasa wale waliokunywa mno hata uzito wao ukaongezeka. Katika mbio zile zile mkimbiaji mmoja alikufa kwa sababu hiyo. Maji mengi yasiyo na chumvi huizimua damu, na ubongo huvimba. Kwa hiyo kanuni ya msafara wa chumvi, ya kunywa kwa kiu na kutia chumvi kidogo katika uji, imesimama mahali pema kati ya ukatili wa St. Louis na ubadhirifu wa Boston. Lakini wazee nao walipoteza watu. Walituhesabia waliolala njiani wasiamke, na wengine walikunywa maji machafu ya madimbwi ya wanyama wakarudi na maradhi. Hakuna aliyekuwa na namna ya kujua kilichomo ndani ya maji yale.

Jambo linalotuudhi ni kwamba amri ile ya kutokunywa bado haijafa. Si miaka mingi iliyopita tulihudhuria mashindano ya watoto mahali fulani, nasi tukaisikia kwa masikio yetu, kwa maneno yale yale ya kukata pumzi, kutoka kinywani mwa kijana ambaye hakuwa amezaliwa sisi tulipoambiwa. Tulimwita kando. Hatukumfokea, kwa sababu naye amepewa, kama mwalimu wetu alivyopewa. Tulimhadithia habari za chumvi. Alikuwa mtoto wa Mwamapalala, na babu wa babu yake, kwa hesabu ya miaka, huenda alikwenda Eyasi. Hakuwahi kuisikia safari hiyo.

Mwaka uliofuata alituita tukatazame. Mbio zilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijakaza, ambapo zamani zilianza saa nne baada ya hotuba. Usiku wake watoto walikuwa wamekula ugali wa kutosha, na alfajiri wakapewa uji. Penye nusu ya njia na penye robo tatu, akina mama wa kitongoji walikaa na ndoo mbili mbili, moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, moja ya uji mwepesi wa uwele wenye ukwaju, sukari na chumvi ya dukani, na kando yake ungo wa matobolwa yaliyokatwa madogo. Mtoto aliyetaka alikunywa, asiyetaka alipita. Wengi walichukua maji, wachache uji, na wavulana wawili walitia matobolwa mfukoni wakaendelea kukimbia huku wakitafuna. Yule aliyeshinda alikuwa msichana wa darasa la sita. Alikunywa penye robo tatu ya njia tu, kikombe kimoja cha uji, akakirudisha kikombe kwa mikono miwili, akamwamkia mama aliyempa, kisha akaondoka mbio.